Aliyeniibia mashine amemaliza kifungo. Je, jela imemrekebisha?

Tajiri wa Kasera (mwanzisha uzi)

Wakuu, assalaam alaykum, na wengine habari za jioni. Naandika kutoka Sahare, Tanga. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite, asome akitulia.

Mwaka 2019 nilikuwa na boti moja na mashine moja ya kuisukuma, Yamaha 15. Niliinunua kwa pesa ya mirathi ya marehemu baba, nikajazia na mkopo wa kikundi cha mke wangu. Nahodha alikuwa kijana niliyemtia baharini mwenyewe tangu hajui kufunga fundo. Alikuwa akila kwangu. Alipotaka kuoa, mimi ndiye niliyekwenda kumposea. Asubuhi moja nimeshuka diko, pale boti za uvuvi zinapofikia, boti ipo, mashine haipo, na yeye hayupo. Alikamatwa siku ya tisa. Mashine haikuonekana mpaka leo. Mahakamani alikana, ushahidi ukamlemea, akapewa miaka 3.

Siku ya hukumu nilifurahi, sitaficha. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu apike pilau. Nikasema haki imetendeka, na huko ndani atanyooka.

Alitoka baada ya miaka 2, maana mfungwa mwenye mwenendo mzuri husamehewa theluthi ya kifungo. Nikamkuta diko anapaa samaki wa watu kwa ujira. Nikasimama mbele yake. Akanyanyua uso, akaniambia, "Tajiri, yale yameisha. Kifungo nimemaliza." Akainama, akaendelea na samaki wake.

Toka siku hiyo sina raha. Amemaliza kwa nani? Miaka ile 2 amelima, amechota maji, amelala sakafuni, amehesabiwa asubuhi na jioni. Miaka hiyo hiyo mimi nilikuwa nalipa rejesho kila wiki kwa mashine nisiyokuwa nayo, na boti imelala mchangani inapasuka kwa jua. Hakuna siku hata moja aliyoambiwa anitazame usoni. Adhabu aliipata, lakini ndani ya adhabu ile mimi sikuwamo.

Ndiyo maana nauliza. Tukisema adhabu humrekebisha mtu, inamrekebisha kwa njia gani hasa?

Wazee waliokulia mashamba ya mkonge huku kwetu wana neno "hamsa ishirini". Enzi ya Mjerumani ndiyo ilikuwa hesabu ya kiboko, 25, mtu analazwa chini wenzake wanatazama. Na hapo Pangani, Desemba 1889, walimnyonga Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga. Mjerumani hakuwa na shida na toba ya mtu. Alitaka watu waone. Aliyelazwa chini aliinuka na elimu moja, kwamba mwenye kiboko yuko macho.

Basi tukajitawala. Mwaka 1963 ikaja Sheria ya Adhabu za Chini, kwa ajili ya wezi na wala rushwa, kifungo pamoja na viboko 24. Wazee wote wanaikumbuka kwa msemo mmoja: kumi na mbili za kuingilia, kumi na mbili za kutokea, akamwonyeshe mkewe. Naamini nia ilikuwa njema, nchi ilikuwa changa na mali ya umma ilikuwa inaliwa. Lakini zitazameni zile kumi na mbili za mwisho. Mtu amekwishatumikia. Labda usiku mmoja huko ndani amelia na nafsi yake, amekusudia kuwa mtu mwingine. Asubuhi ya kutoka mnamlaza chini. Toba aliyokuwa nayo inabaki pale pale kwenye benchi, anatoka na kisasi. Sheria ile ilifutwa 1972 ikaandikwa nyingine. Rushwa haikufutika nayo.

Sisemi watu waachwe. Nina watoto wanne na nimewachapa. Mtu asiyeguswa kabisa huota mapembe. Ninachokiona mimi ni kwamba adhabu inamsimamisha mtu. Kumgeuza ni kazi nyingine, na kazi hiyo sijamwona anayeifanya. Ninaweza kuwa nimekosea, ndiyo maana nimeileta hapa.

---

Kijana wa Makorora

Pole sana mkuu. Ila mimi nikuulize, wewe unataka arekebishike au unataka asiibe tena? Hayo ni mambo mawili. Mimi ni bodaboda, nimeporwa mara mbili, mara ya pili kwa panga. Kilichomo moyoni mwa aliyenipora hakinihusu, ninachotaka ni mkono wake uogope. Unyang'anyi wa silaha ni miaka 30 na viboko juu yake, na mimi naona ni sawa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Tajiri wa Kasera

Pole ndugu yangu, panga si mchezo. Ila fikiri kidogo, mkono unaogopa mpaka lini? Mpaka askari apite, mpaka taa izimike. Kijana wangu alikuwa peke yake diko saa tisa usiku. Pale hapakuwa na wa kumwogopa. Kama kilichomo moyoni hakituhusu, basi tutafute askari wa kukaa kila diko na kila uchochoro wa Ngamiani, usiku na mchana.

---

Mzamiaji

Nawapa mfano wa baharini kwetu. Mnaikumbuka milio? Miaka ile ukikaa Raskazone asubuhi unahesabu mabomu kama unahesabu adhana. Tanga tulijulikana kwa kuvua samaki kwa baruti. Ukizama unakuta matumbawe yamekuwa kifusi, samaki wadogo wamelala chini matumbo yamepasuka, mpigaji amechukua wanaoelea tu. Hifadhi ya bahari ya silikanti, yule samaki wa kale, ilitangazwa 2009 na watu waliendelea kupiga. Kilichokuja kuzima milio ni doria za pamoja, baada ya 2015 hivi. Vyombo vilianza kuwafuata hata wauza baruti na wanunuzi wa samaki.

Kwa hiyo adhabu ilifanya kazi. Huo ni ukweli na lazima usemwe.

Lakini nimekaa na wawili waliokuwa wapigaji. Mmoja ukimuuliza kwa nini ameacha, anasema, "Siku hizi wanakamata." Moyo wake uko vile vile. Mwingine aliacha akawa anazama na mimi kutafuta pweza. Siku moja tumepita mwamba aliokuwa akiupiga yeye mwenyewe zamani. Alipanda juu ya boti akakaa kimya, hatukuzama tena siku ile. Baadaye akaniambia alikuwa hajawahi kuona chini kukoje. Miaka yote alikuwa anapiga kutoka juu. Huyu wa pili hata doria zote zikiondoka leo, hatapiga.

Wote wawili sheria iliwagusa. Aliyegeuka ni yule aliyeona alichokiharibu.

Tajiri wa Kasera

Mzamiaji, umenigusa penyewe. Wangu bado anatazama kutoka juu.

---

Mama Ngamiani

Wanangu, nimesoma yote na ninaona mnakokwenda, mnaelekea kwenye "wakae waongee". Naomba nipinge kabla hamjafika huko.

Mtaani kwetu mtoto wa miaka minane aliharibiwa na mtu mzima, jirani, anayeswalisha watu. Wazee wakaitana sebuleni. Wakaongea. Huyo mtu akalia, akaomba radhi, akatoa pesa. Wakashikana mikono wakasema yameisha, tusiipeleke mbali, tutaaibisha ukoo. Mtoto alikuwa chumba cha pili anasikia. Mtu yule bado anapita kibarazani kwetu anasalimia.

Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliweka miaka isiyopungua 30 kwa ubakaji, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni maisha. Walioitunga walijua haya mambo ya sebuleni. Mimi siku ile sikuwa na haja ya huyo mtu kurekebishika. Nilitaka aondoke kwenye njia ya mtoto ya kwenda madrasa. Mkisema adhabu lengo lake ni kumgeuza mkosaji, mtoto mmemweka wapi? Machozi ya mtu mzima hayawezi kuwa ndiyo malipo.

Tajiri wa Kasera

Shikamoo mama. Sina la kukupinga. Nilipoanza uzi nilikuwa nawaza mashine, na mashine si mtoto. Wazee wale hawakumtazamisha alichokiharibu, walimfichia. Kuna mtu ambaye kazi ya kwanza ni kumzuia, na kama atageuka, ageukie huko huko ndani.

---

Mwanafunzi wa Sheria

Habari zenu wakubwa. Nachangia upande wa sheria na takwimu kidogo.

Mkuu Tajiri, kesi yako ingeweza kwenda njia nyingine. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu anayestahili kifungo kisichozidi miaka 3 kufanya kazi za jamii bila malipo badala ya kufungwa, kama mwenyewe ameridhia. Na mahakama ina uwezo wa kuamuru mkosaji alipe fidia kwa aliyekosewa. Katika makosa madogo ya kugombana, hakimu anaruhusiwa hata kuwapatanisha. Kwa hiyo mlango upo, ila hausukumwi sana.

Kuhusu kurekebisha: Marekani walifuatilia wafungwa walioachiwa 2005 katika majimbo 30, na ndani ya miaka 3 karibu 68 kwa kila 100 walikuwa wamekamatwa tena. Norwe, ambako mfungwa anapika mwenyewe na kusoma, wanaorudi ndani ya miaka 2 hutajwa kuwa kama 20 kwa 100. Watu hupenda kuzilinganisha hizi namba moja kwa moja, na mimi nasema taratibu. Marekani hapo wamehesabu aliyekamatwa, Norwe wanahesabu aliyehukumiwa, na muda si mmoja. Pengo lipo, lakini ukubwa wake wa kweli si huo unaoonekana. Halafu hesabu ya wanaorudi haituambii kilichomo moyoni. Mtu anaweza asirudi kwa sababu amezeeka.

Tajiri wa Kasera

Ahsante mwanangu, hiyo ya 2002 sikuijua. Ila hata huduma kwa jamii, angefagia hospitali au angepanda miti. Ni kazi nzuri. Bado mimi ningekuwa nje ya hesabu.

---

Mstaafu wa Pongwe

Nilivaa sare ya Magereza miaka 31, mikoa minne. Naomba niwaambie tuliyoyaona sisi wa ndani.

Mtu hageuzwi na ukuta. Lakini ukuta unampa kitu ambacho nje hakuwa nacho, muda. Nimeona kijana ameingia hajui kushika randa, ametoka fundi seremala wa kuaminika. Nimeona pia kijana ameingia kwa kuku, amelazwa safu moja na majambazi, ametoka na elimu ambayo hatukumpa sisi. Tulikuwa tunajua na hatukuwa na pa kumlaza pengine. Hilo linaniuma mpaka leo nikikaa peke yangu.

Kuna jambo moja ukilitazama kwa muda mrefu linakuwa wazi. Anayetembelewa na asiyetembelewa, baada ya mwaka mmoja utawajua hata kwa mbali. Mama anakuja toka Lushoto na sabuni na chumvi, anakaa dakika zake chache, anaondoka. Yule kijana wiki nzima ni mtu mwingine. Si kwa sababu ya sabuni. Ni kwa kuwa kuna mtu mmoja duniani ambaye bado anamwonea haya. Akishakosa wa kumwonea haya, hata ukimchapa unachapa gogo.

Zanzibar gereza wanaliita Chuo cha Mafunzo, na waliomo huitwa wanafunzi. Nililipenda jina hilo siku nilipolisikia mara ya kwanza. Ila mwanafunzi akihitimu hupokelewa. Wa kwetu akitoka nani anampokea? Tajiri, umesema ulimkuta anapaa samaki. Kuna mwingine aliyekubali kumpa boti?

Tajiri wa Kasera

Hakuna, mzee wangu. Diko zima lilikataa. Na mimi nilikuwa wa kwanza kuwaambia wakatae.

---

Nilipita Huko

Nimefikiri siku mbili kama niandike.

Mimi nilivunja duka la bibi mmoja Muheza, 2011. Nilikuwa na miaka 22. Nilikuta kopo la maziwa lina pesa, nikazila. Nilipokamatwa nilipigwa na wananchi mpaka sikio hili moja halisikii vizuri. Kipigo kile hakikunifundisha kitu, nilipokuwa chini nilikuwa nahesabu nyuso za wanaonipiga.

Kilichonishika ni mahakamani. Bibi alipanda kizimbani kutoa ushahidi. Mwendesha mashtaka akamuuliza, zile pesa zilikuwa za nini? Akasema, "Za sanda yangu. Nilikuwa najiwekea nisije kuwasumbua watu." Hakunitazama, wala hakunilaani. Alijibu swali, akashuka taratibu kwa fimbo yake.

Nilifungwa mwaka na nusu. Neno lile nililala nalo usiku wote wa kifungo. Nilipotoka nilifanya kibarua cha machungwa mpaka nikatimiza pesa, nikaenda. Alikuwa ameshafariki, amezikwa kwa sanda ya mchango wa msikiti. Nikampa mwanawe wa kike zile pesa. Alizipokea, hakusema neno, akaingia ndani. Sijui kama alinisamehe na sikustahili kumuuliza.

Kwa hiyo mnapouliza adhabu inabadilisha, mimi jibu langu sina hakika nalo. Bila kukamatwa nisingemsikia bibi. Lakini hakimu alipokuwa anasoma miaka, mimi nilikuwa bado nasikia sanda.

---

Maalim wa Duga

Ndugu yetu Nilipita Huko, Mwenyezi Mungu akutakabalie.

Nina maneno machache. Toba tumefundishwa ina sharti zake: uiache dhambi, uijutie, uazimie kutoirudia. Na kosa likiwa la haki ya mja, kuna la nne, urudishe haki ya watu au uwaombe wakuhalalishie. Hakimu akikufunga, la nne bado liko shingoni mwako. Kwa hiyo "kifungo nimemaliza" ni neno la kweli kwa serikali na ni pungufu kwa Tajiri.

Wazungu nao walijaribu kuitengeneza toba kwa mawe. Philadelphia, 1829, walifungua gereza ambamo kila mfungwa alikaa peke yake chumbani na Biblia, asione mtu, ili ajitafakari atubu. Hata jina la gereza la namna hiyo kwa Kiingereza limetoka kwenye neno la toba. Charles Dickens alipolitembelea 1842 aliondoka akilishutumu, maana upweke ule aliuona ni mateso makubwa kuliko ya mwili. Walimtenga mtu na kila mtu, akiwemo yule aliyemkosea. Angemrudishia haki yake vipi?

Na Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, mahakama za kijamii za gacaca zilisikiliza kesi karibu milioni 2 mpaka zilipofungwa 2012. Zilikuwa na kasoro zake na wapo walioonewa. Lakini aliyekiri alitakiwa aseme yote, pamoja na mahali alipoitupa maiti. Kuna wajane waliotaka hilo kuliko miaka ya kifungo.

Tajiri, sasa nakuuliza wewe, kwa heshima. Toka ametoka, umewahi kumwambia unachomdai? Au ulisimama mbele yake ukamtazama tu?

Tajiri wa Kasera

Maalim, nilimtazama tu.

---

Tajiri wa Kasera

MREJESHO, wiki tatu baadaye.

Nilikwenda. Nilimngoja amalize ndoo za watu, tukakaa chini ya mti wa mkungu pale juu ya diko. Nilimwambia sitaki kugombana, nataka nijue mashine ilikwenda wapi. Akanyamaza sana. Akasema polisi walimuuliza, mwendesha mashtaka alimuuliza, lakini wote walikuwa wanataka ushahidi, naye alikuwa amekwishakana. Akanieleza. Ilivushwa usiku ule ule kwa ngarawa, ikauzwa laki nne. Laki nne, wakuu. Mimi nililipa rejesho miezi kumi na tisa.

Nilimwambia hiyo miezi. Nikamtajia na pete ya mke wangu iliyouzwa, yeye anaijua pete ile, mke wangu aliivaa siku ya posa yake. Hapo ndipo alipofunika uso kwa mikono yake ya magamba. Hakusema samahani. Alisema, "Tajiri, nikulipe na nini mimi? Sina kitu."

Kwa sasa nina boti ya kukodi na nyavu zangu zimechakaa. Nikamwambia Ijumaa hatuendi baharini, aje kwangu baada ya swala anishonee nyavu. Hakuna aliye bora kuliko yeye kwa kushona nyavu diko lote. Kila Ijumaa tutaandika elfu kumi kwenye daftari mpaka itimie ile laki nne, si thamani ya mashine. Mke wangu alinikasirikia, alisema nimemleta nyoka uani. Ana haki.

Ijumaa ya kwanza alikuja. Alishona mpaka magharibi, mke wangu hakutoka, lakini alimtuma mtoto ampelekee maji. Ijumaa ya pili hakuja na hakutuma neno.

Ijumaa ya tatu ni kesho. Nyavu nimezitandika uani.